Waziri Ameendesha Usiku Kucha

Mjomba wangu wa Kahawa West ana mbwa anayeitwa Waziri. Ukimuuliza kwa nini jina hilo, atakwambia mbwa huyo hubweka mchana kutwa pasipo na mwizi, halafu mwizi akija kweli, analala.

Ijumaa moja mjomba na mkewe walienda matanga Murang'a, wakaniachia funguo na Waziri mpaka Jumapili. Maagizo yalikuwa mafupi. Jioni ugali na matumbo. Maji yasikauke. Na asikanyage sebuleni, kuna kapeti jipya.

Kapeti lenyewe ni lile la manyoya marefu, rangi ya krimu, mguu unazama mpaka kwenye kifundo. Mke wa mjomba alilinunua zamu yake ya chama ilipofika, na tangu siku hiyo wageni wote huvua viatu mlangoni, pasta wao akiwemo.

Usiku huohuo tokeni za stima zikaisha. Mtu mwenye akili angenunua nyingine. Mimi nilijiambia siku mbili si kitu, mshumaa upo na simu nitachajia kwa kinyozi. Kulipokucha friji ilikuwa inatoka jasho, na ndani mna pakiti mbili za maziwa, nusu lita kila moja, zinazongoja kuharibika.

Sasa, mimi nimelelewa na mama ambaye sabuni ya maji ikiisha hutia maji kwenye chupa na kuitikisa kwa wiki nyingine nzima. Siwezi kumwaga maziwa. Kuyanywa pia siwezi, kwa maana yananifurisha tumbo mpaka najifungia chumbani. Chai yangu ni strungi miaka yote. Jambo hilo lingepaswa kunifunza kitu, lakini halikunifunza.

Nikachemsha pakiti ya kwanza, nikaipoesha, nikammiminia Waziri kwenye sufuria lake. Hakuwa mbwa tena, alikuwa pampu. Maziwa yalipoisha aliendelea kulamba, akilisukuma sufuria kwa pua, likakwaruza simiti ya uwanja mzima hadi likagonga geti. Akanitazama na tone jeupe kwenye sharubu. Mtu gani asingemwongeza? Jioni nikampa pakiti ya pili, nikajiona msamaria mwema.

Saa mbili mvua ikaanza. Nikamwonea huruma, nikamlaza jikoni, mlango wa sebule nikaurudisha tu. Sikuufunga kwa kitasa.

Kiasi cha saa saba usiku nilisikia sauti nikadhani ni maji ya mgao yamekuja na tenki linajaa: gururu, gururu, kimya, gururu. Nikafurahi. Kisha ikaja harufu. Nikalaani mabomba ya taka ya mtaa mzima, nikajifunika blanketi, harufu ikapita ndani ya blanketi. Nikaamka nitafute mshumaa. Gizani nikapita sebuleni pekupeku.

Kapeti lile mguu unazama mpaka kwenye kifundo. Nilishasema.

Ya usiku ule tuyaache hapo. Asubuhi jirani anayefuga kuku alinipa namba ya daktari wa mifugo, nikamtumia ujumbe, nikalikunja kapeti nilipeleke kaoshi moja ya Zimmerman wanakoosha magari na mazulia. Mtu wa boda alishusha kioo cha helmeti, akavuta pumzi mara moja, akaondoka bila kuaga. Ikabidi matatu. Makanga akadai nauli ya watu wawili. Nikalipa.

Matatu imejaa watu wa kanisani, nami nimekumbatia kapeti kama mchumba, ndipo daktari akapiga. Nikaweka spika kwa sababu nilikuwa sisikii, nami nikajibu kwa sauti ya mtu asiyesikia.

"Haloo daktari! Ndiyo, ni kuhusu Waziri! Ameendesha usiku kucha!"

"Kwani dereva wake yuko wapi?" kijana wa nyuma akauliza.

"Kuna damu?" daktari akasema.

"Damu hakuna! Ni maji tupu! Yote kwenye kapeti, ninalo hapa!"

Makanga akazima redio. Mama aliyeketi kando yangu akasogeza kitabu chake cha nyimbo mbali na kapeti.

"Alikunywa nini?"

"Maziwa! Lita nzima! Mimi ndiye niliyempa, lakini niliyachemsha!"

Daktari akapumua kama mtu aliyelijibu swali hilo tangu chuoni. Akasema kuchemsha kunaua vijidudu, sukari ya maziwa inabaki palepale, na lita moja ina karibu gramu 50 za sukari hiyo, kama vijiko 12 vya chai. "Alipokuwa mdogo ananyonya, utumbo wake ulikuwa na kimeng'enya cha kuivunja. Alipoachishwa, kimeng'enya kikapungua. Sasa sukari inateremka nzima mpaka utumbo mpana, inavuta maji, na bakteria wanaichachusha. Ndiyo hiyo gesi."

"Gesi tunaijua," akasema mzee wa mbele, akifungua dirisha.

Nikauliza kama ya mbuzi yangekuwa nafuu. Akasema sukari hiyo imo pia. Mala je? Mala ina kidogo, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu yake, lakini tafadhali nisianze majaribio.

Mama wa nyimbo akanigusa bega. "Kijana, huyo ni waziri wa nini?"

"Wa mjomba wangu."

Akaguna. "Wote huwa wa mjomba wa mtu."

"Leo usimpe maziwa kabisa," daktari akaendelea, "maji safi kwa wingi. Baadaye wali kidogo na kuku wa kuchemsha, bila ngozi, bila chumvi, bila vitunguu."

"Kuku!" matatu nzima ikalipuka. "Hata akiendesha bado anakula kuku kwa kodi yetu!"

"Na ukiona anatapika au amelegea, mfunge kamba umlete."

"Mfunge kabisa!" akapaza sauti makanga, na watu wakapiga makofi. Niliposhuka Zimmerman, mzee wa mbele alinipa mkono kupitia dirishani, akaniambia nchi inahitaji vijana jasiri kama mimi. Sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Vijana wa kaoshi walilipulizia kapeti maji ya presha wakiwa wamejifunga fulana puani, wakaniambia na mawingu haya litakauka Jumanne. Waziri alikula wali wake, akalala, na kufikia saa kumi alikuwa ameanza kubwekea hewa.

Saa kumi na mbili jioni geti likagongwa. Mjomba akaingia na galoni ya lita tano begani, amechoka lakini anatabasamu.

"Maziwa ya ng'ombe wa nyumbani," akasema. "Lita mbili nimemletea Waziri, naye aonje kitu halisi."

Waziri akaja mbio, mkia unapiga geti. Nikamshika ukosi kwa mikono miwili, bado nawaza nianzie wapi, ndipo sauti ya mke wa mjomba ikatoka ndani:

"Mbona hii sebule leo ina mwangwi?"