"Umejitahidi, lakini..."

Naunga mkono makala iliyosema kwamba walimu wa udaktari waanze na kile mwanafunzi anachokiweza, ila mwandishi wake kairuka sehemu ngumu: namna ya kusifu bila maneno matupu. Wazo lenyewe si jipya. Kanuni za kutoa mrejesho, yaani kumwambia mwanafunzi kazi yake ilivyokwenda, walizoandika Pendleton na wenzake huko Uingereza mwaka 1984, zilitaka mwanafunzi aseme kwanza kipi kafanya vizuri, mwalimu aongezee, ndipo wageukie cha kurekebisha. Wengi wameishia kwenye "umejitahidi, lakini...", na mwanafunzi hasikii chochote kabla ya hiyo lakini.

Sifa iwe ya kweli na itaje jambo. Chukua hapa kwetu Tanzania: darasa moja la udaktari lina kijana aliyetoka kidato cha sita moja kwa moja, na mwingine aliyewahi kuwa ofisa tabibu kituo cha afya kijijini. Huyu wa pili Kiingereza cha raundi za wodini huenda kinampiga chenga, lakini watoto wenye malaria kali kawahudumia wangapi! Mwacheni awaongoze wenzake kitandani kwa mgonjwa. Na anayejua Kisukuma achukue historia ya ugonjwa ya bibi asiyeelewa Kiswahili vizuri, kisha aambiwe ni swali lake lipi lililosaidia kuupata ugonjwa.

Akikosea dozi asibembelezwe, asahihishwe papo hapo kabla dawa haijaingia. Yale ya kumfokea na kumuuliza nani alimpa nafasi ya udaktari, tena mbele ya mgonjwa na ndugu zake, hayo jamani yamemfundisha nani?