Pima Kwanza, Ndipo Uuze Betri

Jumanne iliyopita nililala na hasira, na mpaka leo hazijaniisha. Jirani yangu ameambiwa anunue betri nne mpya. Hiyo ingekuwa seti ya tatu ndani ya miaka mitatu.

Mnaonifuatilia hapa mnajua kwamba nyumba yangu ni boti. Ni boti ya chuma ndefu na nyembamba, upana wake futi 6 na inchi 10, kwa sababu loku nyingi za mifereji ya Uingereza, yaani vyumba vya maji vyenye milango vya kupandishia na kushushia boti, zilijengwa kwa upana wa futi 7 tu, enzi za makaa ya mawe na farasi wa kuvuta. Mimi na huyu jirani tumefunga kamba mkia kwa mkia kwenye mfereji wa Grand Union, si mbali na Braunston. Ni nesi mstaafu, anaishi na paka wake. Hatuna gati la kudumu. Kila siku 14 zikitimia tunang'oa vigingi na kusogea mbele, ndivyo leseni zetu zinavyotaka. Kwa hiyo hakuna waya wa umeme unaotoka nchi kavu kuja kwetu. Taa, friji, pampu ya maji, simu, vyote vinakula kwenye betri, na betri zinalishwa na injini ya dizeli iliyoko tezini, yaani nyuma ya boti. Sola ipo juu ya paa, ila Januari, jua likionekana saa 8 kwa siku na lenyewe nyuma ya mawingu, sola haina cha kukupa.

Fundi alikuja asubuhi. Karakana aliyotoka siitaji, maana tatizo hili si la karakana moja. Nilimkuta mama huyu jirani amekaa ukingoni na karatasi ya bei mkononi, zaidi ya pauni 400, na macho yake hayakuwa makavu. Nikamuuliza, fundi alipima nini? Akasema, "Aliwasha taa, akaona zimefifia, akaniambia betri zimekufa." Na mara ya mwisho? "Vivyo hivyo." Na aliyezifunga hizi za sasa, alikueleza kwa nini za zamani zilikufa? Hapana. Hakuna aliyewahi kumweleza.

Nikaomba ruhusa, nikafunua mbao za tezi, nikashuka. Ngama, pale chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika, ilikuwa kavu kabisa. Nataka mlione hilo, kwa sababu linamhusu mtu. Mama huyu kila jioni anakaza kikombe cha grisi cha shafti ili maji yasipenye pale pangaboi linapotokea. Anapima oili kwa kijiti kila asubuhi. Daftari lake lina tarehe za kila alipobadilisha oili, kila saa 250 za injini, hajaruka hata mara moja. Injini yenyewe ni ya kampuni ya Beta, na Beta asili yake ni Kubota, damu moja na mashine za kulimia mpunga zinazojulikana kwetu. Ilipiga stata mara moja tu ikawaka. Huyu si mtu mzembe anayepaswa kuuziwa vitu kama mzembe.

Nikatoa multimita, kile kipimo cha umeme. Kwenye alteneta, ile dinamo inayozungushwa na injini ili kuchaji betri: volti 14.3. Safi. Kwenye vichwa vya betri za ndani, zile za taa na friji, injini ikiwa bado inanguruma: volti 13.4. Umbali kati ya hapo na pale haufiki mita mbili. Volti 0.9 zinaishia wapi katika mita mbili?

Volti 0.7 zilikuwa zinamezwa na daiodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ile ya kutenganisha betri ya stata na betri za ndani, iliyofungwa na mtu miaka mingi nyuma. Daiodi ya aina ile huo ndio ushuru wake, haina msamaha. Zilizobaki zilikuwa kwenye waya hasi uliofungwa kwa bolti kwenye mwili wa injini. Niliigusa ile bolti, ikaniunguza. Nilipoifungua, chini ya jicho la waya kulikuwa na unga wa kijani na kutu ya kahawia, umeshikana kama ukoko wa wali.

Nilijua pa kugusa kwa sababu ya mjomba wangu. Alikuwa fundi wa mashine za boti za uvuvi pale Sahare, Tanga, na multimita hakuwahi kuwa nayo. Akishawasha mashine, anaiacha inguruma nusu saa, kisha anapitisha kiganja kwenye kila kiungo cha waya, kimoja kimoja, bila haraka, kama daktari anayetafuta homa. "Mpwa wangu," alikuwa ananiambia, "kiungo chenye joto kinakula umeme wa mwenzake." Nilikuwa na miaka kumi na mbili hivi, nikimshikia tochi na spana. Hakumaliza shule ya msingi. Na hakuwahi kumwambia mvuvi anunue kitu kabla hajapitisha kile kiganja.

Sasa nieleze volti 0.9 zinamfanya nini mama wa watu, maana hapa ndipo fedha yake ilipozama mara mbili na ilikuwa inaelekea kuzama mara ya tatu.

Betri ya risasi na asidi ukiitumia, bamba zake zinafunikwa na sulfeti ya risasi. Ukiichaji mpaka ijae, ile sulfeti inayeyuka kurudi kwenye asidi na bamba zinabaki wazi. Usipoijaza, inayobaki inaganda, inakuwa fuwele ngumu, na kila siku unaongeza tabaka jingine. Na kujaza si jambo la saa moja. Betri inajaa kama daladala: abiria wa mwanzo wanaingia mbio wanakaa, lakini wale wa mwisho ni wa kubanwa mmoja mmoja, na kila anayeingia anachukua muda mrefu kuliko aliyemtangulia. Kutoka nusu mpaka asilimia 80 ni mwendo mzuri. Ile 20 ya mwisho inataka saa nne au zaidi, na inataka volti 14.4 au karibu na hapo ili kuusukuma umeme ndani. Kwa volti 13.4, na injini inayowashwa saa mbili kwa siku, haitajaa. Kesho haitajaa, keshokutwa haitajaa. Unaweza kufunga betri mpya za bei ya juu kuliko zote madukani, na baridi ya mwaka mmoja ikipita zitakuwa zimekauka nguvu kama zile zilizozitangulia.

Yaani yule fundi angefunga betri nne mpya juu ya kosa lile lile, achukue fedha yake, na mwakani arudi tena. Sisemi alikusudia. Nasema kipimo kile kinachukua dakika tano, na hakukifanya.

Na madhara hayaishii kwenye betri. Betri zisipojaa, mtu anaongeza saa za kuwasha injini akiwa amefunga kamba, bila mzigo, mashine inanguruma taratibu tu. Injini ya dizeli haipendi hilo hata kidogo. Inataka kufanya kazi, ipate joto lake. Ukiiacha hivyo msimu baada ya msimu, kuta za silinda zinalainika zinang'aa kama kioo, ringi hazishiki, inaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Waya mmoja wenye kutu unaweza kukufikisha kwenye kufungua injini nzima.

Nitakubali mambo mawili, ingawa sipendi. La kwanza, fundi naye ana watoto, na karakana inamlipa kwa betri alizouza, si kwa dakika alizokaa ngamani akitafuta kutu. Ni kweli. Basi atoze hizo dakika! Mama yule angelipa kwa furaha pauni 60 za kuambiwa ukweli. La pili, lithiamu. Ndiyo, betri za lithiamu hazidhuriki kwa kutojaa, na watu wanaonitumia ujumbe kwamba risasi imepitwa na wakati wana hoja. Lakini lithiamu inavuta umeme wote alteneta inaoweza kutoa, bila kupunguza, na alteneta hizi hazikuundwa kufanya kazi kwa nguvu yote saa nzima zikiwa zimefungiwa kwenye chumba chenye joto. Nimeshika mkononi moja iliyoungua, nyaya zake za shaba zimekuwa nyeusi kama mkaa. Lazima uweke chaja ya katikati ya kuupimia kiasi. Na anayekufungia lithiamu bila kukwambia hivyo ni ndugu wa yule anayekuuzia risasi bila kupima.

Msomaji aliye Handeni au Kilifi asidhani haya ni mambo ya Ulaya. Ile betri ya sola inayowekwa kwenye duka la kijijini, ikaanza kuzima saa 3 usiku baada ya miezi minane, na aliyeifunga akasema nunua nyingine, ni kisa hiki hiki. Nimekiona kwa macho yangu nyumbani kwa shangazi yangu. Paneli ndogo, waya mwembamba mrefu kutoka juu ya bati, betri haijawahi kujaa hata siku moja tangu ifungwe.

Waya mwembamba, hapo nisimame kidogo. Friji ya volti 12 inavuta ampea 5 hivi. Iweke mita 15 kutoka kwenye betri, umeme unakwenda na kurudi, jumla mita 30. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza volti moja nzima njiani. Kwa waya wa 10, unapoteza robo tu. Friji inayopata volti 11.2 inaweza kujizima ili kulinda betri, hata kama betri zenyewe ziko kwenye 12.2. Nimeona watu wanabadilisha friji. Friji nzima!

Mengine nayapitia haraka. Dizeli iliyokaa na maji chini ya tangi inaota vijidudu vyeusi vinavyoziba chujio, kwa hiyo jaza tangi kabla ya baridi na uyatoe maji. Kifuniko cha kutolea majani kwenye pangaboi kirudishwe na kukazwa kabla ya kuwasha injini, maana boti huzama kwa hilo. Na kengele ya kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, usiitoe betri yake kwa sababu inakukera usiku.

Turudi kwa mama. Betri zake zilikuwa za kufungua, kwa hiyo nilipima uzito wa asidi ukilinganishwa na maji, chumba kwa chumba. Tatu zilikuwa dhaifu ila zimelingana. Ya nne ilikuwa na chumba kimoja kilichosoma 1.120 wakati wenzake wako 1.240, na hiyo tuliitoa, kwa sababu ingeendelea kuzivuta nyingine chini. Bolti tuliisugua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, tukaweka jicho jipya la waya na mafuta mgando juu yake. Daiodi ilitoka, ikaingia relei inayohisi volti, yaani swichi inayoziunganisha betri yenyewe alteneta ikichaji, ambayo bei yake haifiki bei ya betri moja. Vichwani mwa betri multimita ikasoma 14.2.

Kisha tukaiacha injini kazini, ikazunguka kwa kasi ya kati, tangu saa 5 mchana. Sheria ya hapa mtu akiwa amefunga kamba ni kuzima injini ifikapo saa 2 usiku, majirani walale. Nilikuwa napita kila saa na mita ya kubana waya, nikisoma umeme unaoingia kwenye betri: ampea 48, halafu 30, halafu 17, halafu 11. Mama alikuwa anaziandika. Ilipobaki robo saa kufika saa 2, ampea zilikuwa 6, na hapo nikamwonyesha namba ile nikamwambia, hii ndiyo maana ya betri kujaa, si taa ya kijani kwenye ukuta. Akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwonyesha hivi miaka yote. Sikuwa na jibu la kumpa. Nesi aliyekesha wodini na mizani ya dripu kwa miaka zaidi ya thelathini, ni nini hapa asichoweza kukielewa?

Leo asubuhi, kabla ya saa 2, amegonga ubavu wa boti yangu. Nje ni nyuzi 1, mfereji una ngozi ya barafu ukingoni. Amevaa koti juu ya nguo za kulalia na daftari liko wazi mkononi. Friji imefanya kazi usiku kucha. Betri, tatu zile zile za zamani, zinasoma 12.3. Wiki iliyopita saa kama hii zilikuwa 11.5 na chakula cha paka kimeanza kunuka. Multimita ameshaagiza ya kwake. Jumamosi tunakagua mkanda wa alteneta, na ameomba ashike spana mwenyewe.