Nimeisukuma baskeli Pemba, na sioni haya

Nianze na lile ambalo wenzangu wa Unguja wanalingoja wanicheke: ndiyo, nilishuka. Kila penye mlima wa maana baina ya Mkoani, bandari ya kusini, na Konde, kaskazini, nilishuka, nikashika usukani, nikasukuma. Sina baskeli ya gia ishirini na moja. Nina ya Kijapani ya mtumba, kapu mbele na keria nyuma, gia tatu, na moja kati ya hizo huingia ikitaka yenyewe.

Boti ilinishusha Mkoani mwezi wa Novemba, mvua za vuli zimeshika. Asiyeijua Mkoani nimweleze: ukitoka bandarini barabara haikupi nafasi ya kuvuta pumzi, inapanda papo hapo. Kuli aliyenisaidia kuiteremsha baskeli aliniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia Konde, kisha rasi ya Kigomasha. Akaitazama baskeli, akanitazama mimi, akatazama mbingu.

"Yakhe, gari za abiria za 603 zile pale," akasema, kwa huruma kabisa, kama anayemwonyesha mgeni msikiti ulipo.

Fikra hiyo ndiyo ninayogombana nayo. Kwetu baskeli imekuwa chombo cha asiye na nauli, na mwenye nauli akiipanda lazima awe ana wazimu au anafanya mazoezi ya mashindano. Ukiongeza mvua na milima, basi hata mwenye wazimu anashauriwa apande gari. Unguja tunasamehewa kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ni sahani. Mtu hutoka Mjini akapiga pedeli mpaka Paje bila kuteremka. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi tu, lakini imekunjika kama kanga iliyokamuliwa: kilima, bonde la mpunga, kilima tena. Waarabu waliiita Kisiwa cha Kijani, na kijani hicho hakikushuka bure. Pemba hunyesha kuliko Unguja. Anayeitaka Pemba ya kijani bila mvua anataka mchuzi wa nazi usio na nazi.

Niseme kidogo juu ya mzigo, maana ulinipa umaarufu nisioutaka. Mifuko ya plastiki kwetu ilipigwa marufuku zamani, hata kabla ya Bara, na polo la mchele linavuja. Kwa hiyo nguo, taulo na simu nilizitia ndani ya ndoo tupu ya rangi yenye mfuniko, nikaifunga juu ya keria kwa mipira ya tyubu. Haikuingia tone. Lakini kila kijiji niliulizwa nauza nini. Mtambile mtoto mmoja aliniandama mpaka nilipomfungulia mfuniko akaona soksi, akarudi kwao amenuna.

Sasa huko kusukuma. Anayesukuma baskeli mlimani ni mwenda kwa miguu kama wengine, na barabara za Pemba zimejaa waenda kwa miguu: wanaotoka shamba, wanaokwenda msikitini, watoto wa skuli wamejifunika majani ya migomba. Ukiteremka kwa kasi unaona nyuso tu, salamu inakatika nusu. Ukipanda kwa kusukuma, unasalimiwa, unaulizwa unatoka wapi na wazee wako ni wa wapi, na kama una jamaa Pemba atatafutwa hapo hapo. Mzee mmoja alitembea nami kilima kizima na mkungu wa ndizi begani. Kufika nusu akautua juu ya ndoo yangu bila kuniomba.

"Maadamu wewe hukuipanda," alisema, "na ipande ndizi."

Sikuwa na jawabu. Tukasukuma pamoja mpaka juu, yeye akishika mkungu usiyumbe, akachukua chake akakata njia ya shamba. Ningekuwa katika kundi la watu sita wenye fulana za kubana za rangi moja, mzee yule angetusimamia pembeni tupite. Nafikiri ndiyo maana naipenda safari ya peke yangu. Peke yako huonekani kama msafara, unaonekana kama mtu aliyekosa mwenza, na watu wa kisiwa hiki hawawezi kumwona mtu hivyo wakanyamaza.

Kuteremka ndiko kulikonitia hofu, wala sikutarajia. Breki za mpira zinazobana rimu, rimu ikilowa, kwanza hufuta maji ndipo zishike, na katika kufuta huko umeshakwenda mita kadhaa usizozipanga. Udongo mwekundu unaoshuka kutoka mashambani hujipaka juu ya lami ukawa kama sabuni. Nilijifunza kuanza kubana breki juu kabisa kabla mteremko haujanichukua, kubana na kuachia, ya nyuma kwanza, na kutoamini mkunjo wowote ambao sioni mwisho wake. Somo hilo nililipia kwa goti moja, ndani ya kichaka cha mihina.

Kabla sijafika mji wa Chake Chake mvua ikaanuka. Jua likatoka kali, lile la baina ya mvua mbili, na nyumba zote za kando ya barabara zikaanika: karafuu juu ya majamvi, juu ya maturubai, mpaka kwenye sakafu ya saruji mbele ya duka. Harufu ilikuwa nzito, inakaa kooni. Nami nilikuwa napanda, nasukuma. Mvua ya pili niliisikia kabla ya kuniangukia, inakuja juu ya migomba kama watu wanakimbia. Bibi mmoja akatoka ndani mbio.

"Weye mwenye ndoo! Shika huko!"

Hakuniamkia wala hakuniuliza jina. Nikaitupa baskeli majanini, nikashika ncha mbili za jamvi, yeye mbili, tukalikunja likawa kama dau lenye karafuu tumboni, tukaliingiza barazani. La pili, la tatu. Wajukuu wake walikuwa wanazoa kwa mikono zilizomwagika. La nne lilipata matone, na bibi akaguna kama aliyechomwa mwiba. Karafuu hutaka siku nne au tano za jua zuri. Ikilowa katikati hupata ukungu, rangi inapotea, na kituoni kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, hununuliwa kwa madaraja, kwa hiyo wingu moja linaweza kuishusha kazi ya wiki nzima daraja moja au mawili. Wakati tunaanua, gari ya abiria ilipita imeteremsha maturubai ya pembeni. Waliokuwemo ndani waliona mvua.

Tulikaa barazani tukanywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na muhogo wa kuchemsha. Bibi alinitazama nilivyolowa.

"Umekosana na mkeo, mwanangu?"

"Hapana, bibi. Nimo likizo."

"Likizo ya kulowa!" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nilipoaga alinitilia ukufi wa karafuu ndani ya ndoo, juu ya nguo.

Sitaki mtu adhani nimerogwa na Pemba nikawa sioni kasoro. Barabara zetu zimejengwa kana kwamba kila mtu yumo ndani ya gari. Mahali pengi lami inaishia kwenye mtaro wa maji, mtaro wa kina cha kumeza gurudumu, na dereva anayekupita mteremkoni anakupigia honi ukiwa huna pa kwenda. Siombi njia maalumu za baskeli kama za Uholanzi. Naomba mita moja ya bega la barabara pande zote mbili, ambayo pia ingemfaa mzee wa ndizi na wale watoto wa skuli. Ni saruji na kifusi tu. Na mwenye gari anayepita kwenye dimbwi kwa kasi ile ile mbele ya mtu wa baskeli, huyo hana haja ya mita, ana haja ya kulelewa upya.

Kutoka Chake hadi Konde nitapita haraka kama nilivyopita. Mvua haikuacha, sikuona mengi zaidi ya gurudumu langu la mbele. Ngezi ni habari nyingine. Rafiki yangu mmoja alinionya nisipite msitu ule peke yangu kwa sababu ya wenyewe wanaokaa humo, na hakuwa anamaanisha wale popo wakubwa wasiopatikana popote duniani ila Pemba. Niliingia asubuhi, mbingu imeanuka, lakini chini ya ile miti mvua ilikuwa bado inaendelea, matone yakishuka jani kwa jani. Giza la saa tatu asubuhi. Nakiri nilisoma dua. Katikati ya dua nikasikia kicheko nyuma, nikageuka: watoto watatu juu ya baskeli moja isiyo na breki wala madigadi, miguu mitupu, wakanipita mlimani, mmoja juu ya fremu akinipungia mkono. Wao hawakushuka.

Kigomasha nilifika adhuhuri, nikaegemeza baskeli chini ya mnara wa taa nikala machungwa mawili.

Kurudi nilipanda gari, goti lilikuwa limevimba, na silioni hilo kuwa jambo la kuficha pia. Baskeli ikafungwa juu, ndoo nikaipakata. Milima iliyonichukua siku mbili na kitu ikawa dereva anabadilisha gia tu, na abiria wa pembeni yangu akauliza ni nani aliyebeba karafuu. Tulipokuwa tunakaribia ile nyumba yenye baraza nilimgusa bega nimwonyeshe pale tulipoanua. Alipogeuza shingo tulikuwa tumeshaupita mkunjo.