Tope haliishii ufukweni

Mvua kubwa ikinyesha Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mto Kawa huingia katika ziwa Kivu ukiwa na rangi ya matofali. Watu husimama kutazama ule mstari mwekundu ukipotea kwenye maji ya Kivu, kisha huenda zao wakidhani udongo umekwisha. Haujaisha. Umezama tu.

Juzi nilimwonyesha mdogo wangu. Niliinua beseni la maji safi upande mmoja kwa jiwe, nikamimina kikombe cha potopoto zito polepole ukingoni. Halikuchanganyika na maji. Lilipiga mbizi, likashika sakafu ya beseni, likateremka kama nyoka hadi upande wa pili, huku maji ya juu yakibaki meupe. "Yaya, linatembea!" mdogo wangu akaniambia.

Mto Kongo hufanya hivyohivyo baharini. Mdomoni pake pana korongo lililochimbika chini ya maji, na linaanzia ndani kabisa ya mlango wa mto. Mwishoni mwa 2019 mto ulifurika kuliko ulivyowahi tangu miaka ya 1960. Januari 2020 mchanga na tope vilivyorundikana pale vikaporomoka, vikasafiri zaidi ya kilomita 1,100, kasi ikipanda hadi mita 8 kwa sekunde. Nyaya mbili za mawasiliano zikakatika, mtandao ukazorota kutoka Nigeria hadi Afrika Kusini. Watafiti walioongozwa na Peter Talling wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walikuwa wametega vipimo humo korongoni. Tope likaving'oa, vikaibuka juu, vingi vikaokotwa baharini na takwimu zake.

Kinachoniuma ni kwamba mto Kongo ni wetu, na sisi wa Bukavu tunaishi kwenye miteremko juu ya ziwa lenye kina cha karibu mita 485, lililobeba gesi ya metani nyingi kwenye maji yake ya chini. Mei 2023 tope lilivifunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, kando ya ziwa hilihili, watu zaidi ya 400 wakafa. Tulizika, tukalia. Lakini katika kartie yetu sijasikia mtu akiuliza tope lililoingia ziwani lilifika wapi, wala limelala kwenye mteremko gani likingoja kusukumwa tena.

Wanafunzi wetu wa jiolojia wangepewa mashua, kipimo cha mwangwi cha kupimia kina na mitego ya tope, waanzie pale pale mdomoni mwa Kawa, kila baada ya mvua kubwa. Kazi hii isingoje wageni.

Mdogo wangu anataka tuteremshe chupa pale tuone. Kamba ya mita 30 nimeshaipata.