Pakiti Zikioza Ndani ya Mashine Pepe, Alaumiwe Nani?

Ofisi ndogo ya Tabora mjini ikihamishia mifumo yake kwenye seva moja yenye mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta halisi), faida inaonekana: UPS moja, umeme kidogo. Ila kadi ya mtandao iliyokuwa ikifanya kazi vizuri ikikabidhiwa moja kwa moja kwa mashine pepe, pakiti, yaani vipande vya data ya mtandao, zinaweza kuanza kufika na takataka. Fundi mmoja ataitupia lawama mashine pepe. Mwingine ataishika draiva, programu inayoiendesha kadi.

Mimi naishika draiva. Kadi ya zamani yenye anwani za biti 32 haifiki kumbukumbu iliyo juu ya GB 4. Kwenye seva yenye IOMMU, kifaa kinachoitafsiria kadi anwani za kumbukumbu, anwani hutafsiriwa na kadi huandika ndani ya bafa yenyewe, yaani eneo la kumbukumbu lililotengwa kupokea data. Mashine pepe isipoonyeshwa IOMMU, kerneli ya Linux, kiini cha mfumo, huweka bafa ya kati, swiotlb, na yaliyomo hunakiliwa kwenda bafa ya draiva pale tu draiva inaposawazisha kwa kuita dma_sync_single_for_cpu, au inapoiachia bafa kwa dma_unmap_single. Mwandishi wa draiva aliyesahau kusawazisha hakugundua kitu, kwa sababu kwenye x86, vichakataji vya aina ya Intel na AMD, kashe (kumbukumbu ndogo ya kichakataji) na kumbukumbu kuu hukubaliana bila kuombwa. Sasa draiva yake inasoma mabaki ya zamani.

Wanaotaka mashine pepe iachwe nao wana hoja nzito. Huduma inahitajika asubuhi, na kadi mpya huenda ikabidi iagizwe Dar es Salaam. Kuirudisha kadi kwa seva mwenyeji na kuipa mashine pepe virtio, kadi ya mtandao ya kiprogramu, ni uamuzi wa busara kwa muda.

Kinachonitisha ni draiva inayosawazisha kichwa cha pakiti tu na kuuacha mwili. Kadi imeshahakiki pakiti nzima ilipoingia kwa jumla ya ukaguzi (checksum), kerneli inaiamini na haiihesabu tena jumla hiyo, kwa hiyo baiti za zamani zinaingia kwenye hifadhidata ya watu kimyakimya. Tafadhali, kabla ya kubishana, zima uhakiki wa kadi: ethtool -K eth0 rx off. Miunganisho itakwama, lakini makosa yatahesabiwa.

Kisha washa seva hiyohiyo bila mashine pepe, IOMMU ikiwa imezimwa, kwa swiotlb=force, chaguo linaloilazimisha kerneli kutumia bafa ya kati. Uozo ukitokea hapo, draiva ndiyo yenye kesi, na dawa yake mara nyingi ni mstari mmoja kabla ya kusoma bafa. Usipotokea, wenzetu wanaoilaumu mashine pepe wasikilizwe, na tcpdump (rekodi ya pakiti) ya mashine inayotuma ilinganishwe na ya inayopokea.