Shangazi, "Alikiri" Bado Haijanitosha

Jumapili nilipita kumsabahi shangazi yangu. Hata sijakaa vizuri, akaniuliza: "Mwanangu, na yule muuaji wako mmefikia wapi?"

Muuaji wako. Mimi ni wakili wake wa utetezi, na mahakama haijasikiliza hata shahidi mmoja. Nilimjibu kwa ukali ambao haumstahili mtu aliyenilea, na tangu siku hiyo sina raha. Nimeona nimwandikie hapa, maana najua wapo wengi wanaoniuliza swali lake kimoyomoyo.

Yule ni mshtakiwa, shangazi. Wala si wangu. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu kazi ya mawakili, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinasema wazi kwamba wakili asihesabiwe kuwa kitu kimoja na mteja wake kwa sababu tu anafanya kazi yake. Hilo linatosha.

Kilichoniumiza zaidi ni ulichosema baadaye: "Si alikiri mwenyewe?"

Najua uzito wa neno hilo. Mtu mwenye akili timamu atasemaje ameua kama hakuua? Anasema, shangazi. Japani kulikuwa na bondia mstaafu aitwaye Iwao Hakamada. Mwaka 1966 alikamatwa kwa mauaji ya watu wanne wa familia ya bosi wake, mkurugenzi wa kiwanda cha miso, kiungo cha Kijapani cha soya iliyochachushwa. Akahojiwa kwa takriban siku 20, mara nyingi zaidi ya saa 12 kwa siku, bila wakili pembeni yake. Mwishowe akakiri. Mahakamani aliyakana maneno yale, lakini mwaka 1968 akahukumiwa kunyongwa. Ushahidi mwingine mzito ulikuwa nguo zenye damu, zilizoonekana ndani ya tangi la miso zaidi ya mwaka mmoja baada ya mauaji. Wakati wa rufaa walimjaribisha suruali ile. Haikumpanda. Hukumu ikabaki vilevile.

Aliachiwa mwaka 2014. Septemba 2024, akiwa na miaka 88, mahakama ikamfutia hatia na kutamka kwamba wapelelezi walitengeneza ushahidi. Kwa miongo mingi aliamka kila siku bila kujua kama ndiyo siku ya kunyongwa, na akili yake haikustahimili. Dada yake, Hideko, aliyempigania miaka yote hiyo, alikuwa na miaka 91. Kila ninapomfikiria mama yule nashindwa kuongea.

Kwa hiyo ninaposikia "alikiri" nauliza: alikiri wapi, saa ngapi, mbele ya nani, na alikuwa amelala usingizi wa saa ngapi?

Miaka kadhaa nyuma nilipewa faili la kijana mmoja. Maelezo yake ya kukiri yalikuwa yamenyooka, kila ukurasa una sahihi. Niliyasoma mara mbili na, nakiri, nikaanza kuamini alifanya. Mara ya tatu nikayaweka kando ya daftari la mahabusu. Maelezo yalisema mahojiano yalianza saa kumi jioni. Daftari lilisema kijana alifikishwa kituoni saa moja usiku. Wamemhoji saa tatu nzima kabla hajafika! Tena maelezo yalijaa maneno ya kisheria ambayo yule kijana, nilipomsomea, aliniomba nimweleze maana yake. Hakimu aliyakataa maelezo yale, na bila hayo upande wa mashtaka haukuwa na kitu mkononi. Mtu akiniuliza wakili wa utetezi anafanya nini, namsimulia habari ya daftari lile. Asingelifungua mtu mwingine yeyote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wenzangu wanaoichafua kazi hii, wanaopiga kalenda hadi mashahidi wachoke. Nakubali pia kwamba nimewatetea watu ambao moyoni niliamini wametenda. Kuna mama wa marehemu aliyewahi kuniangalia koridoni, na macho yale sijayasahau, wala sitaki kuyasahau. Lakini kumpa mama yule mtu asiyehusika akafungwe si kumpa haki, na aliyemuua mwanawe anabaki mtaani.

Kuna mengine yananichoma, ila leo nitayagusa tu. Mtu anayenyimwa dhamana kwa kosa dogo, akakiri ili arudi kwa watoto wake. Na mtu asiye na uwezo wa kuweka wakili. Clarence Gideon alijitetea mwenyewe huko Florida mwaka 1961 na akafungwa. Akaiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani kwa penseli akiwa gerezani, na mwaka 1963 ikaamua kwamba alistahili kupewa wakili. Kesi iliporudiwa, safari hii akiwa na wakili, baraza la wazee wa mahakama lilichukua kama saa moja tu kusema hana hatia. Mtu yuleyule, shtaka lilelile.

Shangazi, nitakuja Jumapili kukuomba radhi kwa sauti niliyokupandishia. Kesi ya yule unayemwita muuaji wangu inaanza Jumanne. Maelezo ya kukiri yamewekwa mbele kabisa ya faili. Mimi nimeanza na daftari la mahabusu.