Giaboksi Haikufa, Ulikuwa Muziki Wangu

Jana, tulipokaribia Mwanakwerekwe, dereva wa daladala aliegesha gari kando ya njia na kututangazia kwa huzuni kwamba giaboksi imekufa. Tulikuwa tumebanana magoti kwa magoti, kama tunavyobanana siku zote, na tenga la samaki la bi mkubwa mmoja lilikuwa limekwishaunasa waya wa hedifoni zangu na kuuchomoa kwenye simu. Kilichokuwa kikinguruma ni Overthrust, kundi la metali, yaani rock nzito ya kunguruma, kutoka Ghanzi, Botswana, na mwimbaji wao ndiyo kwanza alikuwa amepata pumzi. Dereva alipozima mashine na ngurumo ikaendelea, heshima yangu katika jamii iliingia majaribuni.

Simu ilikuwa mfukoni, mfuko ulikuwa chini ya tenga, na mkono wangu ulikuwa umekwama nyuma ya mgongo wa mtu nisiyemjua. Konda alilala chini ya gari, akasikiliza, akatoka na vumbi mgongoni na taarifa kwamba sauti haitoki chini bali inatoka juu, upande wa yule kijana mwenye fulana nyeusi.

"Mwanangu," akaniuliza bi mkubwa kwa upole wa kutisha, "umeanza lini?"

"Nimeanza nini, bibi?"

"Kunguruma."

Nilimweleza, kwa adabu yote niliyofunzwa chuoni, kwamba ule ni muziki. Akaniuliza anayeimba ana dhiki gani. Nikamjibu kwamba hana dhiki yoyote, ni Mtswana tu, na kwamba huko kwao wapenzi wa muziki huu huvaa ngozi nyeusi toka juu hadi chini, pamoja na kofia za wachunga ng'ombe, na jua linawaka. Maelezo hayo hayakunisaidia. Bi mkubwa alimgeukia mwenzake wa kiti cha mbele na kumhakikishia kwamba huyu si pepo wa kibuki, kwa sababu vibuki yeye anawajua, wana ustaarabu wao na wanapenda kinanda. Huyu ni mgeni kabisa na huenda hata hajui kwamba ameshafika Unguja. Abiria mmoja akapendekeza ninyweshwe kombe, maji yaliyooshea maandishi ya dua. Mwingine akasema kombe haliwezi, nipelekwe Pemba. Wakaanza kujadiliana kuhusu nauli ya boti, ambayo kwa mujibu wao ningelipa mimi.

Yote hayo niliyastahimili. Kilichonishinda ni mzee mmoja wa kanzu safi aliyekuwa akinitetea. "Yakhe, mwacheni kijana," alisema, "hayo ni mambo ya Kizungu tu, yatampita."

Mambo ya Kizungu! Nilinyanyuka kadiri paa lilivyoniruhusu, nikawaambia kwamba Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi aliyezaliwa mwaka 1915 Cotton Plant, Arkansas, alikuwa akipiga gitaa la umeme huku akimsifu Mola wake kabla hao vijana wa Kizungu hawajajua pa kuchomeka waya. Nikamtaja Chuck Berry, nikamtaja Jimi Hendrix wa Seattle, wapiga gitaa weusi wote wawili, nikafika kwa Tom Morello, mpiga gitaa wa kundi la Rage Against the Machine, ambaye baba yake ni Mkenya, jirani yetu kabisa. Nikawafahamisha kwamba hata Black Sabbath, kundi la metali la Birmingham, Uingereza, walianzia kwenye bluzi, muziki wa watu weusi, na kwamba mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani, ikabidi alegeze nyuzi ili zisimuumize, na ndiyo maana sauti ikawa nzito namna ile. Gari lote lilinyamaza.

"Masikini, vidole," akasema bi mkubwa. "Na fidia alipewa?"

Konda naye akanitoza nauli ya watu wawili, kwa hoja kwamba aliyekuwa akiimba naye amepanda.

Ningeweza kumwelewa konda kama kelele ndiyo ingekuwa kosa mjini humu. Lakini mtaani kwetu taarabu ya rusha roho hupigwa arusini mpaka alfajiri kwa spika zinazotikisa vyombo kabatini, mwimbaji anamtukana mke mwenza kwa maneno yanayosikika vizuri hadi kwa watoto, na hakuna anayetafutiwa mganga. Mwimbaji wangu hamtukani mtu, na akimtukana hakuna anayemwelewa.

Kuna jirani yangu anayetembeza watalii. Kila siku huwasimamisha Shangani, mbele ya makumbusho ya Freddie Mercury, akawaeleza kwa fahari kwamba mwimbaji huyo wa kundi la rock la Queen alizaliwa hapa hapa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, akapokea bakhshishi, kisha jioni hunigongea ukuta nipunguze rock. Watalii wenyewe si afadhali. Wapo wanaoniona Forodhani na fulana yangu wakanisalimu kwa Bob Marley, ambaye namheshimu sana, na wapo wanaoniuliza kama nalijua kweli kundi lililoandikwa kifuani, kisha wakanitaka nitaje albamu zake, mimi nimeshika urojo wa moto mkononi. Vijana wao wanaovaa fulana hiyo hiyo sijaona wakisailiwa. Na kuvaa nyeusi wakati wa kaskazi si mchezo, lakini kwa hilo simlaumu mtu.

Sasa nataka kupiga mwenyewe, nisimsumbue Mtswana. Gitaa la umeme ninalo. Nyuzi zinaliwa na chumvi ya bahari kabla sijatoka somo la kwanza. Nilipokwenda kutafuta nyingine, muuzaji alinitolea nyuzi za udi wa taarabu, za nailoni. Nikamwambia kwamba sumaku za gitaa la umeme hunasa mtikisiko wa chuma, na kwamba nailoni hata ukiipiga mpaka Idi haitatoa kitu kwenye spika. Akanisikiliza mpaka mwisho, akazifunga vizuri kwenye karatasi, akaniambia, "Ndizo zinazowafaa majirani zako hizo," na wala hakunipunguzia bei.